Nyumba Zilizoandikwa Baadaye

Jumatatu, 3 Machi

Bura,

Nimemkamua ng'ombe, nimempa Anna maziwa, nimefagia. Halafu nimesimama mlangoni, pale kwenye kiti chako cha chai, nikahesabu moshi wa majirani. Ulikuwa ukinicheka. Ulisema mimi ni mwenyekiti wa moshi. Leo nyumba zote zimewasha.

Najua wafu hawasomi. Lakini daftari lako la kutembelea nyumba lilibaki na kurasa nyingi nyeupe, na mimi nimebaki na maneno. Miezi saba ya ujane sasa.

Anna wetu amekuja kujifungulia kwangu. Mimba ina miezi minane. Ile ya kwanza iliharibika, unakumbuka, kwa hiyo hii tunaenda nayo kama waliobeba mayai.

Habari mbaya. Paskalina, mke wa Tluway, nyumba ile ya chini yetu, mtoto wake alifariki Jumamosi. Alikuwa na siku tatu. Tluway yuko Mang'ola kwenye vitunguu, simu yake haipatikani. Wamemzika mtoto haraka, watu wachache wa ukoo. Tawi limelazwa kwenye njia ya kwake. Yuko metimani, ametengwa. Hakuna kuingia, hakuna kupeana mkono, hakuna kuchanganya moto wala maji wala ng'ombe, mpaka wazee waseme imetosha. Mama mkwe wake anaacha chakula kwenye tawi na kurudi.

Ulipokufa wewe walikuja wote, walijaa mpaka shambani. Ulikuwa mtu mzima, tena mwinjilisti. Kifo cha mtoto mchanga ndicho wanachokiogopa bado. Wanasema hushika nguo. Humfuata aliyeingia mpaka kwake, kikatafuta tumbo lenye mimba.

Mimi ni Mkristo tangu shule ya msingi. Siamini hayo. Nimeandika hivyo, kisha nimeinuka kuangalia kama mlango wa Anna umefungwa.

Jumatano, 5 Machi

Kwaresima imeanza. Sala ya jumuiya ilikuwa kwa Mama Yohana. Neno lilikuwa la Yesu na mwenye ukoma, jinsi alivyonyoosha mkono akamgusa. Nilisoma mimi. Tangu uondoke wananipa kusoma, eti nimekurithi.

Kwenye maombi nikasema tumwombee Paskalina. Wakamwombea vizuri sana, kwa machozi. Nikauliza, basi nani ataenda kumwona?

Mtu akakohoa.

Unaujua mdomo wa Mama Yohana. "Nenda wewe, mwinjilisti wetu. Ila ukitoka huko shika njia ya juu, usipite kwangu. Ng'ombe wangu ana mimba, na yeye hajabatizwa."

Wakacheka. Nami nikacheka. Halafu mzee wa kanisa akasema taratibu, "Mama Anna, imani ni kitu kizuri. Lakini una binti ndani."

Hapo nikaisha.

Niliporudi Anna alikuwa amekaa juani, ananiita nione tumbo linavyocheza. Kisigino kilipita kama panya chini ya kanga. Sikwenda kwa Paskalina.

Alhamisi, 6 Machi

Nyumba ya Paskalina haikutoa moshi. Jana jioni ilinyesha. Labda kuni zimelowa.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna moshi tena.

Nimemkuta mama mkwe wake bombani. Nikamwuliza kama amemsikia. Hajamsikia. Sufuria alilikuta tupu, limelambwa. Kama ni mtu au ni mbwa, hajui. "Anashika desturi," akasema. "Huyu mtoto ana adabu."

Sote tumeamini hivyo. Kwamba kimya chake ni adabu.

Nimefungua kurasa zako nitafute ujasiri. Ndiyo mara ya kwanza kuzisoma, kabla ya leo niliogopa mwandiko wako. Kila nyumba, tarehe, neno ulilosoma, na ulichopewa. "Chai, hawana sukari." "Uji wa mtama, mzuri." "Hawapo. Mbwa mkali." Nimecheka peke yangu.

Kisha nyumba ya Danieli wa mtoni. Hakuna tarehe, hakuna neno. Umeandika: Baadaye. Nyumba ya Mama Rehema, mwaka ule mapacha wake walipokufa: Baadaye. Ya mwalimu, mkewe alipozaa mtoto asiyelia: Baadaye. Nimezipata tano. Nimeitafuta hiyo baadaye kurasa za mbele, moja moja, mpaka ya mwisho uliyoandika. Haipo. Nyumba zote tano zilikuwa metimani.

Bura. Ulikuwa unaogopa.

Ulisimama mimbarini ukasema nguvu za giza hazina kitu. Mimi nikiwa benchi la tatu nikajiona peke yangu mwenye imani ndogo. Miaka ishirini na sita nimelala karibu na mtu anayeogopa kama mimi, na hakuniambia. Nimekasirika. Nimelifunga daftari nikalisukuma uvunguni.

Nimelitoa tena.

Nimekumbuka wa kwanza wetu, yule wa kiume tuliyemzika kabla ya Anna. Tulikaa ndani sisi wawili, hakuna aliyevuka tawi letu. Nywele zangu zilifumuka na hapakuwa na mwanamke wa kunisuka, ukanisuka wewe. Ulisuka vibaya. Mistari ilikwenda kama njia za mbuzi. Ulijua kule ndani kukoje. Labda ndiyo sababu hukuweza kuingia tena.

Jumapili, 9 Machi, hospitali

Daftari nililiweka kwenye kikapu pamoja na Biblia. Sijui kwa nini. Nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi.

Jana moshi haukutoka, siku ya tatu. Nikamwambia Anna naenda. Alishika tumbo kwa mikono miwili kama nimemnyanyulia fimbo. "Mama, na mimi je?"

Nikasema nitarudi. Akageukia ukutani.

Kwenye tawi nilisimama muda mrefu. Sikuomba sala nzuri. Nilisema Bwana, Bwana, Bwana, kama mtu aliyesahau yanayofuata. Kisha nikavuka. Hakuna kilichotokea. Hilo nalo liliniogopesha.

Ndani palikuwa na harufu. Majivu ya baridi. Paskalina amelala chini kando ya mafiga, na sanduku la nguo za mtoto liko wazi karibu na kichwa chake. Nilipoinama akafungua macho na kuvuta miguu yake mbali nami.

"Usiniguse, Mama Anna. Utampelekea Anna."

Yeye anakufa, na analinda tumbo la binti yangu. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu, wa moto. Nikamwambia, "Nimeshakugusa. Sasa tuondoke."

Petro wa bodaboda alifika mpaka kwenye tawi, akazima pikipiki, akakataa. Ana watoto watatu. "Mama, unanijua, mimi ni mtu wa kwaya. Lakini huyo asiniguse."

"Nitakaa katikati."

"Na wewe umeshamgusa."

"Basi vaa koti lako la mvua."

Akafikiri. Akavaa koti, akafunga vifungo mpaka kidevuni, na jua linawaka. Tukaenda hivyo. Petro na koti lake, mimi katikati, Paskalina nyuma yangu nimemfunga kwa kanga kiunoni kama ninavyobeba mtoto. Tope jekundu, mara mbili tuliteleza. Alikuwa akitetemeka na mtetemeko wake ukaingia mgongoni mwangu. Nikadhani ndivyo kinavyoingia. Kweli nilidhani hivyo, Bura, na sikumwachia. Nikaanza wimbo, sauti ikatoka kama ya kuku. Tulipokaribia lami Petro akaanza kuitikia besi, bila kugeuka.

Daktari anasema kondo la nyuma halikutoka lote. Sumu ilikuwa imeingia kwenye damu. Kama angelala siku moja zaidi, basi. Wamemsafisha, wamemtundikia dripu. Amelala na mdomo wazi.

Leo ni Jumapili ya kwanza kukosa ibada tangu tukuzike.

Jumanne, 11 Machi

Tluway amefika na lori la vitunguu. Ndugu walimpata. Aliponiona alitaka kunipa mkono, akasita, nikauchukua mwenyewe.

Nimeoga hospitali. Nimefua kila nilichovaa. Nimeoga tena. Na bado nilipofika nyumbani sikuingia ndani. Mimi niliyewasomea watu habari za mwenye ukoma nimelala jikoni na kuku. Anna anaweka chakula changu kizingitini na kurudi. Sijui nani amemtenga nani.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna aliyekuja. Mama Yohana amepita njia ya juu, ametazama mbele tu.

Nimehesabu moshi. Nimeuogopa wa kwetu.

Ijumaa, 14 Machi

Uchungu umemwanza Anna. Ni wiki tatu kabla ya siku zake. Wiki tatu.

Nilimsikia akiita nikatoka jikoni mbio. Mlangoni mguu ukagoma, pale pale kwenye kiti chako. Kuvuka tawi la Paskalina kulikuwa rahisi kuliko kuvuka mlango wangu. Nikamwuliza nikiwa nje, "Nimwite Mama Yohana?"

"Mama Yohana ana ng'ombe!" Anna alipiga kelele. "Ingia wewe!"

Nimeingia. Amenikamata shingoni, kucha zimezama. Nimempigia Petro, anakuja. Sasa anatembea chumbani, nami naandika nikiwa nimesimama ili mikono ipate la kufanya. Bwana, kama kuna kitu nimekileta, kiniangukie mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Wa kike. Mdogo, kilo mbili na kidogo.

Hakulia. Muuguzi alimsugua mgongo, akamsugua, akampindua, akamsugua. Mimi nilikuwa nikitazama mikono yangu. Nilisema ni hii. Ni mikono hii.

Kisha akalia. Kidogo, kama paka aliyefungiwa.

Anna ananiuliza kama nimewahi kuona mtoto mzuri hivi. Nimesema hapana.

Sitaandika kwamba Mungu amenijibu kwa sababu nilivuka tawi. Wako waliovuka, watoto wao hawakulia. Wako waliokaa kwao, na wao pia. Wetu wa kwanza hakulia, na hatukuwa tumeingia kwa mtu yeyote. Kama huyu angenyamaza ningeandika nini leo? Sijui. Naogopa kujua.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua imepumzika. Mahindi yamefika gotini.

Mtoto ameongezeka. Akilala nasikiliza pumzi zake, nyingine inakawia, nami nasimama mpaka ije.

Paskalina yuko nyumbani na Tluway. Wazee hawajaondoa tawi. Wanasema bado. Nilimwuliza Anna kama siku moja atampelekea mtoto amwone. Akasema, "Mama, mimi bado naogopa." Sikumlaumu. Nimemfunika miguu.

Baada ya ibada nimepika ugali na mbaazi, nimevuka. Tumekaa nje ya mlango wake sisi watatu, sahani moja. Tluway alikula kidogo akaenda kwa ng'ombe, nadhani alituachia nafasi. Nilikuwa na maneno ya Mungu niliyoyaandaa tangu Ijumaa. Sikuyasema. Nimemfumua nywele nikaanza kumsuka.

Huku juu kwetu mtoto akalia. Kule chini sauti inafika wazi, sikujua. Nikaona kanga ya Paskalina inalowa kifuani, pande mbili, taratibu. Hakuifunika. Mikono yangu ikasimama.

"Analia kwa nguvu," akasema.

"Ndiyo."

"Ananyonya vizuri?"

"Ananyonya."

"Mungu ashukuriwe," akasema, akainamisha kichwa ili niendelee. Nikaendelea. Mistari imenyooka.

Nilipopanda kurudi, Mama Yohana alikuwa kwenye uzio wake. "Mama Anna, njia ya juu ina tope. Pita tu hapa." Akaona namtazama. "Ng'ombe ameshazaa," akasema, akaingia ndani upesi.

Nimepita.

Sasa nimeandika kwenye ukurasa wako, chini ya nyumba ya mwisho, kwa mtindo wako: Nyumba ya Paskalina. Neno, hakuna. Ugali na mbaazi, sahani moja.

Zile tano bado zina watu. Kwa Danieli wa mtoni ni mbali kidogo, nitaanza huko. Naogopa hata sasa ninapoandika.

Bwana, unikumbuke. Na Bura pia, aliyeandika baadaye.