Waya Nimeukata

Okayama, tarehe 9 Juni

Baba mkwe Kurashige,

Sitaanza kwa kusifu majira kama ilivyo desturi. Mvua inanyesha, nguo za mtoto hazikauki, nami sijalala vizuri wiki nzima.

Umeandika kwamba tumekuibia mjukuu. Mwanao ameisoma barua yako, akaenda kuosha vyombo. Kwa hiyo najibu mimi.

Siku ile tuliyoondoka kwako nilimkuta Chihaya mezani, mkono wa kushoto umefungwa kiunoni kwa kitambaa, analia, na wali unamdondoka kwenye vijiti vya chakula alivyoshika kwa mkono wa kulia. Wewe ulikuwa kando na koleo, unazungushia waya matawi ya ule msonobari mdogo wa chunguni ulioupanda alipozaliwa, yapinde utakavyo. Ukaniambia, "Acha kumdekeza, binti. Huyu bado laini kama tawi jipya. Mwaka mmoja tu wa kufungwa, atakaa sawa."

Ana miaka mitatu, Baba. Mjukuu wako si msonobari.

Mti wako, tuliouchukua tulipoondoka, naurudisha kwa gari la vifurushi. Waya ulishaanza kuuma gome. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba ukifika hapo haufunguliwi kwa kuuzungusha, unakatwa kipande kipande. Nimeukata wote.

Sisi haturudi. Ukitaka kumwona, njoo huku, ukae naye mezani, naye ale kwa mkono autakao.

Kabla sijaufunga mti, Chihaya ameumwagilia maji. Kopo alilishika kwa mkono wa kushoto. Hakumwaga hata tone nje ya chungu.

Mkweo,
Honoka