Sigara Nene Nilizozianika na Mahindi

Kitale, Jumapili jioni. Mvua inanyesha tangu adhuhuri. Nimejichukia hata chai imenishinda.

Simiyu, mwalimu mwenzangu wa zamani, anakaa Bungoma. Mwezi uliopita, alipoezua mabati ya nyumba yake ili aweke mapya, aliniachia kisanduku cha mbao chenye sigara nene nne za majani ya tumbaku. Ni za arusi ya bintiye mwezi ujao: moja kwa kila mmoja wetu, sisi wanne tulioanza kufundisha pamoja. Alisema niziweke mbali na jua, basi.

Nilikifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha sifongo chenye maji, na harufu kama ya zizi baada ya mvua. Kinyaa kilinishika. Mtu mzima anawekaje akiba yake katika unyevu? Nimelima mahindi miaka thelathini. Najua unyevu huleta ukungu, na ukungu huleta sumu.

Nikakitupa kile kipande. Nikazianika sigara juu ya turubai, kando ya mahindi, jua alilonikataza likiziwakia, siku tatu. Kisha nikazipima kama tupimavyo mahindi: nikatia moja katika chupa ya mdomo mpana pamoja na chumvi kavu, nikatikisa. Chumvi haikuganda kwenye kioo, ishara kwamba zimekauka. Nikaridhika.

Niliridhika, mimi mpumbavu.

Jana nilimpelekea, kifua mbele. Simiyu alichukua moja, akaibonyeza kwa vidole viwili. Ilipasuka, ikamwagikia mapajani mwake.

"Mwalimu, umefanya nini?"

"Nimezikausha. Zilikuwa mbichi."

"Ati umezikausha! Hii ni tumbaku, bana, si mahindi. Huo unyevu ndio uhai wake!"

Mkewe alicheka kutoka jikoni. "Si ungezipeleka tu poshomili zikasagwe, shemeji!"

Tuliwasha kipande kilichosalia cha ile sigara iliyopasuka. Moshi ulikuwa wa moto na mchungu, kama gunzi linaloungua. Nilitema mate mara mbili. Simiyu hakutema. Alikung'uta tumbaku mapajani mwake.

Kisha akanirudishia kisanduku. "Wewe ndiye umeziua. Wewe ndiye utazifufua."

Leo nimefuata maagizo yake. Kipande kipya cha sifongo, maji yaliyochemshwa yakapoa, nikakikamua mpaka kisidondoshe hata tone, nikakiweka ndani ya kifuniko kidogo kisigusane na sigara. Nikafunga. Zikae hivyo wiki tatu. Nikiongeza maji kwa pupa, zitavimba na kupasuka zote.

Miaka yote darasani niliwachapa watoto waliojibu kabla ya kusikiliza swali. Mimi sikumwuliza Simiyu hata neno moja.

Zimebaki tatu, nasi tu wanne. Siku ya arusi najua ni nani atakayekaa mikono mitupu, nami sitalalamika.

Kisanduku kiko kabatini. Kesho sitakifungua. Je, mikono hii itanitii?