Vitabu Ndani ya Kaniki

Jumatatu, 2 Juni

Nimefagia. Nimemtoa mbuzi wa jirani mlangoni, yule mpenzi wa rafu ya sayansi. Nimefungua madirisha. Likizo imeanza, na vijana wameanza kuingia kwenye maktaba yetu ya kata, yaani chumba kimoja kilichokuwa ghala la pamba.

Shida ni ileile. Wanachagua kwa jalada. Wavulana hawashiki kitabu chenye picha ya msichana. Wasichana hawataki chenye trekta. Vitabu vizuri vinazeeka bila kuposwa.

Leo nimepata dawa. Kila kijana nimemchagulia kitabu nikakifunga, jalada lisionekane. Karatasi zililiwa na mchwa, nikaomba mabaki ya kitambaa cheusi cha kaniki kwa fundi cherehani. Akanipa na uzi, mweusi, ndio aliokuwa nao mwingi. Juu ya kila furushi nimebandika jina la mwenyewe. Ndani nimeweka neno fupi: kama ulipenda kile cha wezi wa ng'ombe, jaribu hiki.

Nimejifurahia sana. Mtu akijifurahia hivyo, ajikague.

Jumatano, 4 Juni

Nimegawa. Masharti nimetunga mwenyewe: fungua ukiwa peke yako, usimwambie mtu kilichomo, tutasimuliana Jumamosi ya wiki ijayo. Wameshangilia kuliko nilivyotarajia. Siri ni chumvi.

Holo alilipokea lake kwa mikono miwili, kama yai. Yuko kidato cha pili. Hasemi. Husoma kama mtu anayekula chakula cha wizi. Baba yake, Masanja, ni mchimbaji mdogo. Yeye na mdogo wake Shija wana duara lao, shimo la dhahabu kule machimboni.

"Hata mama nisimwambie?"

"Hata mama."

Kwa mdomo wangu huu.

Ijumaa, 6 Juni

Duara la Masanja limetitia upande mmoja. Hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe. Masanja kavunjika mguu vibaya. Wamempakia kwenye gari la mtu, wamempeleka Kahama. Shija alitoka mzima, na tangu atoke anauliza swali moja tu: nani katufanyia hivi.

Nimefunga mapema. Vijana hawakuja, wote walikuwa shimoni kutazama.

Jumapili, 8 Juni

Mama Neema, jirani yangu muuza vitumbua, kanieleza kwa sauti ya chini huku akitazama pembeni.

Mke wa Masanja alikuwa anafagia chini ya kitanda cha Holo. Akakuta furushi la kaniki. Uzi mweusi. Jina la binti yake juu. Hakuligusa. Shija alilivuta nje kwa jembe, wakamwaga chumvi kuzunguka. Mpaka sasa hakuna aliyelifungua. Kitu kama kile hakifunguliwi na mtu wa kawaida.

Holo aliulizwa ni nini. Kanyamaza. Kaulizwa kwa fimbo. Kanyamaza. Nilimwambia asimwambie mtu, na yule mtoto ndiye msomaji wangu mtiifu kuliko wote. Lakini kila mtu anajua nani anampa vitu.

Nilitaka kucheka. Halafu nikajitazama kwenye kioo cha dirisha. Macho yangu mekundu. Ni moshi wa samadi kavu ninayopikia, na kusoma kwenye mwanga hafifu. Lakini huku kwetu mjane mwenye macho mekundu huwa ameshahukumiwa uchawi nusu. Ilibaki nusu. Nimewaletea mwenyewe, na jina juu yake.

Nimezaliwa hapa. Kaniki na uzi mweusi ni vya mganga, nilijua hilo kabla ya kujua a, e, i. Nilikuwa nafikiria majalada tu.

Naogopa.

Jumatatu, 9 Juni

Nilikwenda kwa Masanja kueleza. Mlango ulifungwa kabla sijafika uani.

Nyumba nyingine nazo zimepekuliwa. Mafurushi yamekutwa uvunguni, kwenye kihenge, mengine yamelaliwa kama mito. Wazazi wanayarudisha kwa kuyatupa kutoka barabarani. Nimeyaokota mlangoni, moja moja, mchana kweupe, watu wakitazama. Mchawi anakusanya zana zake. Hata mimi ningeamini.

Nimeangusha kile cha trekta.

Jumanne, 10 Juni

Mwenyekiti wa kitongoji amekuja. Kwa kawaida huniamkia shikamoo kabla hajashuka kwenye pikipiki. Leo alisimama nje ya kizingiti, akaanza na kikohozi.

Nikamwambia ni kitabu tu.

"Kitabu kinafungwa kwa uzi mweusi, Mama Limi?"

"Ni mchezo wa vijana."

"Masanja anacheza na mguu."

Baraza ni Alhamisi. Sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, watakuwepo. Shija na wenzake wametuma mtu kumwita mtaalamu wa kufichua wachawi. Mwenyekiti alisema hayo akitazama kofia yake. Kisha akasema ningeenda kwa mwanangu Geita nikapumzike kidogo.

Limi kapiga simu, analia. Mama, njoo leo. Nimefungasha. Nimefungua tena. Nikikimbia nimekiri, na atakayebaki kuulizwa kwa fimbo ni Holo.

Jumatano, 11 Juni

Sikulala. Bombani wanawake wamenipisha, nikachota peke yangu. Rais hapishwi hivyo. Mama Neema kaniambia vitumbua vimeisha. Bakuli lilikuwa limejaa. Tuliviona wote wawili.

Mbaya zaidi: leo nimekumbuka nilimpa Holo kitabu gani.

Ni kile cha fisi. Hadithi ya kuchekesha, fisi mlafi anakwenda harusini bila kualikwa. Hakina picha hata moja, jalada lilishang'oka. Nilijua atakipenda. Lakini hapa kila mtoto anajua wachawi humpanda fisi usiku. Nilikuwa nimepanga kuwaambia: fungueni, mtaona. Wakifungua watakuta jina la binti na fisi ndani yake.

Sasa naomba kisifunguliwe. Na kisipofunguliwa, mchawi ni mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Niandike kama ilivyokuwa.

Niliketishwa chini, mbali na wenzangu. Furushi lilikuwa katikati, limefunikwa ungo. Sungusungu wameshika pinde. Mtaalamu hajafika, njiani bado. Shija aliuliza kama ni langu. Nikasema ni langu. Pakanguruma. Bibi mmoja akasema, "Si mnaona, hata halii." Ningelia wangesema nimelia.

Mwenyekiti akauliza nani atafungua. Mimi wakanikataza, nitaficha kilichomo. Wenye pinde wakatazamana. Wanaume wenye pinde, mbele ya kitambaa.

Holo akatoka kwa mama yake. Akaondoa ungo, akapiga magoti, akafungua fundo kwa vidole viwili, upesi, kama mtu aliyelifungua na kulifunga kila siku kabla halijakutwa. Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa akisoma na kufunga tena, kwa sababu ya masharti yangu.

"Ni kitabu," akasema. Sauti yake wengi hatukuwa tunaijua.

"Soma," akasema Shija.

Nikafumba macho. Mkojo ulinikaribia, naandika hivyo hivyo.

Akasoma. Kiswahili kidogo, kisha akakigeuza Kisukuma ili wazee wafuate. Nikasubiri lile jina la fisi. Halikuja. Kulikuwa na mbwa. Mbwa mlafi anakwenda harusini. Mbwa anajificha nyuma ya chungu cha nyama. Ukurasa baada ya ukurasa nilijua kilichoandikwa pale, na kila mahali mtoto yule, bila kupepesa, aliweka mbwa. Alikibana kifuani kila alipopumzika, mtu asichungulie.

Harusi ilipomshtukia mbwa, mkia umenasa mlangoni, mtu akacheka. Mzee mmoja wa sungusungu, upinde magotini, akauliza, "Sasa nyama aliila au hakuila?"

"Aliila, babu."

"Basi alikwenda na faida."

Wakacheka. Nikapumua.

Mwenyekiti akaamua papo hapo, kabla kicheko hakijapoa. Mtaalamu apigiwe simu arudi. Maktaba ibaki wazi, madirisha yote wazi, vijana wakae wanapoonekana. Kaniki mwiko. Wengi waliitikia.

Shija hakucheka wala hakuitikia. Alinitazama mpaka nikainuka, na nilipopita alisema taratibu, "Mbwa." Neno hilo tu. Sijui anajua kusoma kiasi gani. Sitaki kujua.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefagia. Vitabu nimevilaza mezani, majalada juu, kila mtu aone. Wamekuja vijana wachache. Wamekaa karibu na mlango. Nimependekeza kwa sauti kubwa, kama muuza samaki. Mvulana mmoja kachukua cha msichana, pengine kwa woga.

Holo hakuja. Jioni amekuja mama yake. Alisimama nje, akaniamkia. Masanja karudi jana, kalazwa ndani, mguu una bandeji mpaka kiunoni, amechoka kutazama dari. Kasikia habari ya mbwa. Anauliza kama kipo kingine, Holo amsomee.

Nikatafuta. Nikapata cha sungura na kisima, hakina ubaya, nimekisoma chote tena kwanza, yeye akisubiri. Nikampelekea mlangoni, hivyo hivyo, bila kukifunga na kitu.

Akatandaza ncha ya kanga juu ya kiganja, akakipokea juu ya kanga, mkono usikiguse.