Mashine ya Chuo Iliyokutwa Uani Kwangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: hujulikana mtaani kama Mama Cherehani
Umri: miaka hamsini na nane
Kazi: fundi wa nguo
Makazi: nyumba yenye geti la bluu, nyuma ya posta

Nimeelezwa kuwa natakiwa kusema kweli tupu. Nimekubali, ingawa hapakuwa na haja ya kunikumbusha.

Naishi na mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pekee. Mwanangu yuko safarini kikazi. Mkwe wangu anasoma chuo, mwaka wa pili, masomo ya kupima ardhi. Mwezi uliopita alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, na tangu hapo hajatoka nje ya geti ila kwenda kliniki.

Kijana mnayemshikilia namfahamu. Ni mwanafunzi mwenzake. Mimi humwita Futi kwa sababu ya urefu wake, naye huitika. Mwanzoni sikumpenda. Kijana wa kiume kila wiki yuko nyumbani kwa mke wa mtu, na mume hayupo. Nilimuuliza mkwe wangu kinagaubaga kuna nini. Alicheka mpaka akashika mshono, akasema, "Mama, huyu ni jozi yangu." Nikamwambia jozi ni ya viatu. Ndipo aliponieleza, nami naeleza kama nilivyoelezwa.

Katika somo lao mihadhara ni ya wote, lakini kazi za vitendo hufanywa wawili wawili. Kila jozi hupewa mashine yake tangu wiki ya kwanza, na kabati lake lenye ufunguo. Ni kidude kama darubini kinachokaa juu ya miguu mitatu, cha kupimia wapi ardhi imeinuka na wapi imelala. Siku ya mtihani wa vitendo mwalimu huokota karatasi moja kati ya mbili zenye majina yao. Mwenye jina hilo ndiye anayepima, mwenzake anashika fimbo ya namba, na maksi atakazopata ni za wote wawili. Nusu ya maksi za somo zima ziko hapo. Niliona ni utaratibu wa ajabu, mtu kufeli kwa mkono wa mwingine, lakini mimi sikuulizwa.

Mwalimu wao si mtu mbaya. Mkwe wangu alipojifungua alimruhusu kukosa vipindi, notisi za masomo zikawa zinatumwa kwenye simu, na maswali akijibiwa. Tatizo ni kwamba mashine haitumwi kwa simu. Mtihani wenyewe ni leo Jumatatu, saa nne asubuhi. Mkwe wangu alisharudia mwaka mara moja. Akifeli safari hii anaondolewa chuoni. Futi naye atarudia mwaka.

Mwalimu alimpa Futi nafasi ya kuhamia kwa wenzao wengine, wawe watatu. Hilo nililisikia kwa masikio yangu, Futi akimsimulia mkwe wangu jikoni. Mkwe wangu akasema, "Hama tu, mimi nitajijua." Futi akamjibu, "Mashine yetu ina kasoro yake, na tunaoijua ni mimi na wewe. Nikahangaike na ya watu?" Halafu akaomba maji ya kunywa. Nilikuwa napiga pasi, nikaendelea kupiga pasi, lakini tangu siku hiyo nilianza kumwekea chakula.

Mnamo Jumamosi, majira ya saa tano asubuhi, Futi alifika na boksi begani na ile miguu mitatu kwapani. Nilimuuliza kama ameruhusiwa. Akasema, "Mama, kabati ni letu na ufunguo ninao." Nikamwambia hilo silo nililouliza. Akakiri kuwa ofisi imefungwa wikiendi na hakuandika popote, ila angeirudisha kabla ya mtihani. Nilimwambia, "Hapo umekosea, mwanangu." Hakubisha. Lakini hakuificha, afande. Alipita nayo mchana kweupe mbele ya maduka yote.

Waliisimamisha uani. Mkwe wangu akasoma namba, mkono mmoja tumboni, Futi akishika fimbo penye kamba ya nguo, kisha bafuni, kisha mlangoni pa jikoni. Hesabu zikakataa. Mkwe wangu akakaa juu ya ndoo akalia, akasema amesahau kila kitu. Futi hakumbembeleza. Alimwambia, "Soma tena, bibie, mkono unaniuma." Wakacheka, wakaanza upya. Mimi nilimbeba mtoto. Jioni wakanionyesha kuwa ua wangu wote umeinamia jikoni. Nimemnunia jirani misimu miwili ya mvua nikidhani maji yanayoingia jikoni yanatoka kwake, kumbe ni yangu mwenyewe. Hilo nalo liandike, huenda likamfikia.

Jumapili waliendelea. Kufikia mchana mkwe wangu alikuwa anapima bila kukosea, na Futi hakuwa na la kusahihisha.

Alasiri walifika askari wawili na mtunza stoo wa chuo, ambaye alikwenda kuandaa mashine za mtihani akakuta kabati tupu. Simlaumu, ni kazi yake. Askari aliuliza nani ameleta mashine. Mkwe wangu akasema, "Mimi." Futi akasema, "Anadanganya, ni mimi," akanyoosha mikono. Akachukuliwa yeye na mashine.

Umeniuliza kama alitaka kuiuza. Mwizi gani anafungua mzigo uani kwa watu akaanza kufundisha? Nina hasira, nakiri. Mna haki ya kumhoji, lakini mtihani umekaribia na yeye yuko ndani, bila viatu. Kama kosa ni kutoandika, aadhibiwe kwa kutoandika. Mwaka wake msimnyang'anye, wala wa mkwe wangu.

Sina la kuongeza. Nimesomewa, na haya ni maneno yangu mwenyewe, isipokuwa pale nilipotukana, ambapo afande ameona paachwe.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika mimi, mpelelezi wa zamu. Kabla shahidi hajaondoka, mhadhiri wa somo amefika na mkwe wa shahidi garini mwake. Amesema chuo hakina tena malalamiko, na suala la kutoandika litamalizwa chuoni. Ameomba mashine. Mkuu wa kituo amejibu kuwa mashine sasa ni kielelezo cha kesi, na haitoki kituoni bila barua ya chuo yenye mhuri, ambayo isingepatikana kabla ya mchana. Baada ya mashauriano, mtihani wa jozi hiyo umefanyika hapa, kwenye uwanja wa gwaride. Limeokotwa jina la mkwe wa shahidi. Mtuhumiwa alikuwa hajaachiliwa kimaandishi, hivyo fimbo ya namba nimeishika mimi. Mhadhiri amekagua hesabu mara mbili, akasema wamefaulu.

Hati ya kumwachilia ilipotiwa sahihi, nimekwenda kumfungulia mtuhumiwa. Nimemkuta chini ya dirisha linalotazama uwanjani, ameinamisha uso magotini, analia. Nimemwambia yuko huru. Amesema amesikia, ila ameomba akae kidogo. Nimeacha mlango wazi, nikamngojea nje na viatu vyake.