Twiga wa Ugoro

Moshono, Arusha

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Binti yako ni mzima, ila baridi ya huku chini ya Mlima Meru inanilaza na soksi. Hali yako je? Mguu wa Mama umepona? Na kahawa ya Mbinga mmemuuzia nani msimu huu, maana nasikia wanunuzi binafsi wamemiminika huko nako?

Barua yako nimeisoma. Unasema nirudi, kwamba kuuza vyombo vikuukuu vya Wazungu si kazi ya mtu aliyesomeshwa kwa kahawa. Nilikasirika kidogo, Baba, nisikufiche. Hebu nikusimulie, halafu useme tena.

Mwenye duka letu ni Mchaga wa Machame, tunamwita Mangi. Tangu biashara iachiwe huru watalii wamejaa mjini, naye hununua vitu vya zamani vilivyotoka kwenye nyumba za masetla. Meza yangu mimi ni ya vikopo vya kauri vya kunyunyizia chumvi na pilipili manga, vyenye sura za kuku, samaki, hata vibibi vya kofia. Huuzwa viwili viwili, kimoja cha chumvi, kimoja cha pilipili. Kwanza nakipindua nione jina la nchi, kama limechomwa pamoja na udongo au limebandikwa tu. Natazama kizibo, maana cha zamani ni kama cha chupa ya divai, si plastiki. Kisha napitisha ukucha kutafuta rangi iliyopakwa juzijuzi. Siku hizi sidanganyiki kirahisi.

Basi, mama mmoja wa Kizungu anayekusanya vikopo hivyo akamtaka twiga wetu, ila awe na mwenzake. Tulikuwa naye mmoja tu, wa chumvi, shingo imepinda upande. Mangi akaleta twiga wa seti nyingine, akaniagiza nimpake madoa wafanane. Nikakataa. Akasema kama najua sana nikamtafute huyo mwenzake, nikimkosa meza anapewa mtu mwingine.

Nikaenda Akheri, kwenye nyumba alikonunuliwa. Bibi wa pale, mjane wa mpishi wa masetla, akasema hajui twiga mwingine. Akanikaribisha chai. Tukiwa tunakunywa akafungua fundo la kitenge, akatoa ugoro wake, na chombo cha ugoro kilikuwa twiga. Nusura nimwage chai. Kumbe marehemu mumewe alileta wawili, lakini nani alikula pilipili manga nyumba ile? Wa chumvi akaenda jikoni, wa pilipili akawa wa Bibi, matundu akayaziba kwa nta. Kwake hakuwa twiga tena, alikuwa ugoro. Ndiyo maana mke wa mwanawe alipomuuza yule wa jikoni, hakuna aliyewaza kuwa anatenganisha jozi.

Ningeweza kumpa hela ya sabuni, na angeshukuru. Nikamwambia ukweli: mmoja mmoja ni wa bei ya chee, wakiwa pamoja fungu lake tu linatosha kununua mtamba.

"Mtamba mzima, kwa kitu cha ugoro?"

Nikasema ndiyo, nikaahidi. Akataka kwanza kopo lenye kifuniko kinachobana. Nikamwachia la mafuta yangu ya kujipaka.

Njiani ndipo nikakumbuka kuwa nimeahidi fedha isiyo yangu. Mangi aliposikia akashika kichwa. "Umemtajia bei? Yule mama asiponunua, huo mtamba utautoa kwenye mshahara wako." Nikachokoa nta kwa sindano, nikaosha ugoro. Mama yule alipokuja nikawasogeza twiga pamoja, shingo zikapishana na kukaa sawasawa. Hakuomba hata kupunguziwa. Mangi akatoa fungu la Bibi bila kunung'unika, na meza imebaki yangu. Nilitamani ungekuwepo.

Kwa hiyo kurudi, Baba, bado. Nisalimie Mama, kaka Kanisius na wifi yangu, na shangazi wa pale kigangoni.

Jumapili nilikwenda Akheri kumwona Bibi. Mtamba yupo, mweusi mwenye baka jeupe. Bibi alipoita "Skola!" tuligeuka wawili. Watu wa Mbinga wakikuuliza mwanao anafanya kazi gani huku, waambie hilo.

Ni mimi Skolastika wako, yule wa miguu miwili.