Ukindu wa Morris

Kaka Morris,

Hapa Tudor hatujambo, isipokuwa mama, ambaye hajala tangu Jumatatu. Jana niliitoa kayaki yako nikavue, mara yangu ya kwanza. Arsalan wa jirani alinicheka: "Mutanu, wapiga kasia kama wakoroga uji." Hata hivyo nilipata samaki mmoja, changu. Nikampitisha ukindu wa kumbebea kwenye matamvua, kama ulivyokuwa ukifanya, nikampeleka kitandani kwa mama.

Alipouona ule ukindu akainuka. "Morris amerudi?"

"Nimevua mimi, mama."

Akageukia ukutani. Supu nikaipika, ikapoa.

Daktari amesema tukae naye tu nyumbani. Simu yako haipatikani, na anwani hii ni ya zamani. Nikivua tena, samaki nitamtia ndooni.

Dada yako,
Mutanu