Masanja na Picha ya Nyundo

Mpwa wangu Sada,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mama yako hajambo, na ng'ombe wetu wa Igunga kazaa mapacha.

Unauliza kama mtihani wa akili hupima akili. Umemuuliza bingwa! Kupata kazi kwenye ghala la tumbaku tulipewa mtihani huo, nikawashinda watu mia, msimamizi akadondosha miwani.

Ila mwenye duka mmoja wa mtaa wa Ng'ambo alikuwa ameniazima kitabu cha maswali yale, nikajizoeza mwezi mzima. Rafiki yangu Masanja, mrina asali wa Sikonge, naye aliomba kazi hiyo, lakini kitabu nilimficha.

Katika swali moja walichora ndege, shoka na nyundo: kipi si mwenzao? Walitaka ndege. Masanja akachagua nyundo.

"Ndege hutuonyesha nyuki, shoka hupasua mti. Nyundo ya nini porini, bwana?"

Wakamcheka, wakamtoa.

"Kumbe mimi mjinga," akaniambia. Kile kitabu sikukitaja.

Sasa kijiji chao cha ujamaa kina shule, lakini wanawe hawapeleki. Anasema mtoto wa mjinga ni mjinga. Nimekwenda mara tatu kumwambia ukweli, nikaishia kula asali yake.

Mjomba wako,
Ramadhani